Palikuwa ziwa au palikuwa mto? Jinsi matabaka ya Nyanza na Nakuru yanavyosomwa

Makorongo ya Nyakach yana sifa mbaya, na yanaistahili. Lile la Katuk Odeyo limemeza mashamba, vijia na malisho kwa miongo mingi, na kila masika linajipanua. Lakini mmomonyoko huohuo unaomfukarisha mkulima humfanyia mwanajiolojia kazi ambayo vinginevyo ingehitaji tingatinga: huikata ardhi wima na kuuacha ukuta wazi. Kwenye ukuta wa namna hiyo unaweza kukuta mikanda iliyolaliana: juu udongo mweusi, chini yake mchanga wa kahawia, halafu kokoto, halafu tope la kijivu lililoshikamana, lenye vijiwe vyeupe vya chokaa. Atatokea mtu mwenye kofia na nyundo aseme kwa uhakika kwamba hapa zamani palikuwa ziwa, baadaye ukapita mto, baadaye pakawa uwanda mkavu. Mwenyeji aliyezaliwa hapo ana haki ya kumuuliza: wewe umejuaje?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna tabaka lililoandikwa "ziwa". Tabaka limehifadhi yale ambayo maji yalifanya: yalikwenda kasi au yalitulia, yalikuwa matamu au ya magadi, yalikauka au hayakukauka. Ziwa, mto na kinamasi ni hitimisho tunalolijenga juu ya hayo, na hitimisho linaweza kuporomoka ilhali tabaka lenyewe liko palepale. Makosa mengi yanayoandikwa kuhusu mazingira ya kale huzaliwa hapo, mtu anapoliruka daraja hilo kana kwamba halipo.

Tuanze na ukubwa wa chembe, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu huanzia. Chota maji ya Nyando karibu na daraja la Ahero mto ukiwa umejaa, uyatie kwenye chupa angavu, uiache mezani. Mchanga utatua kabla hujavuta kiti. Tope litabaki limeelea, na kesho yake maji bado yatakuwa na rangi ya chai. Chembe ya mchanga laini yenye upana wa milimita 0.1 huzama mita moja kwa takriban dakika mbili; chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.002 huhitaji zaidi ya siku tatu kushuka mita hiyohiyo, tena katika maji yasiyotikisika. (Mtoni na ziwani chembe hizo huweza kugandana na kuzama upesi zaidi, lakini kanuni haibadiliki.) Kwa hiyo mto unaoshuka kutoka nyanda za juu za Nandi na Tinderet huitua mizigo yake kwa mpangilio: mawe na kokoto pale mteremko unapopungua ghafla, mchanga ndani ya mkondo wake, na tope mbali kabisa, mahali ambapo maji yameishiwa nguvu.

Tabaka la tope laini lenye unene wa nusu mita, basi, linatuambia kwamba maji yalitulia, na huo ndio mwisho wa habari yake. Maji hutulia kwenye sakafu ya Ghuba ya Winam. Hutulia pia juu ya mashamba ya Kano siku chache baada ya mafuriko, na hutulia katikati ya mafunjo. Tope linaweza kuwa lilelile, huku mahali ni patatu.

Kinachozitenganisha sehemu hizo ni yale yaliyolipata tope baada ya kutua. Tope la uwanda wa Kano hukutana na jua. Kila kiangazi udongo ule mweusi hupasuka nyufa ambazo mkono huingia, na mafuriko yajayo yakileta mchanga, nyufa hujaa. Miaka milioni mbili baadaye utaziona ukutani kama kabari za mchanga zilizochomekwa katika tope. Nyasi na miti huota hapo pia, na mizizi ikioza huacha vijia vyembamba vinavyoshuka vikigawanyika, mara nyingi vikiwa na rangi tofauti na udongo unaovizunguka. Na pale penye msimu mkavu mrefu, maji yanayopanda na kukauka ndani ya udongo huacha chokaa, inayojikusanya polepole kuwa vile vijiwe vyeupe. Ukiviona vijiwe hivyo pamoja na nyayo za mizizi, jua kwamba hiyo ilikuwa ardhi ya kukanyagwa, hata kama tope lenyewe lililetwa na maji.

Tope la sakafu ya ziwa halijui jua. Pale ambapo viumbe hawakulifukua lina mistari myembamba iliyolala bila kuvunjwa na mizizi, mifupa ya samaki, labda maganda ya konokono wa majini. La kinamasi ni jeusi kwa mabaki ya mimea, kwa sababu penye maji yaliyotuama hewa ni haba na uozo huenda polepole.

Mchanga nao una yake. Pwani ya Dunga, mawimbi huja na kurudi, na viwimbi vidogo vinavyobaki mchangani vina pande mbili zinazokaribia kufanana. Mkondo wa mto husukuma upande mmoja tu, basi viwimbi vyake vimeegemea: mgongo mrefu kule maji yanakotoka, mteremko mkali kule yanakokwenda. Ndani ya tabaka, mwegemeo huo huonekana kama mistari iliyoinama, na kwa kupima mwinamo wake unaweza kusema mto uliokufa zamani ulikuwa ukielekea upande gani. Halafu kuna umbo la mchanga wenyewe. Mkondo huchimba kitanda chake, kwa hiyo mchanga wake hukaa kama bakuli pana lililokatwa, tambarare juu na mviringo chini, mara nyingi na vipande vya tope lililong'olewa kandokando vikiwa vimetupwa kwenye kitako. Mchanga wa ufukweni huenda mbali kama utepe. Umbo hilo hulioni ukisimama mahali pamoja. Lazima utembee kando ya ukuta, uruke kijito, uendelee upande wa pili. Nyundo hupigwa picha sana, lakini kazi kubwa hufanywa na miguu.

Kufikia hapo tumesoma tabaka mojamoja, na bado hatujafika kwenye hoja yenye uzito kuliko zote, ambayo ni mfuatano.

Mwaka 1669 Nicolas Steno aliandika jambo linaloonekana rahisi mno: katika matabaka yasiyovurugwa, la chini ni la zamani kuliko la juu. Mwaka 1894 Mjerumani Johannes Walther aliongeza lililo gumu zaidi. Alisema kwamba mazingira tunayoyakuta yakifuatana kutoka chini kwenda juu, bila pengo kati yake, ni yale ambayo wakati fulani yalikuwa majirani, ubavu kwa ubavu.

Hilo linaeleweka upesi ukilitembeza Kano. Ondoka kwenye kingo za Nyando, pita penye mashamba ya mpunga, ufike kwenye mafunjo mdomoni mwa mto, kisha panda mtumbwi uingie ghubani. Umevuka mchanga wa mkondo, tope la uwanda, kinamasi, mchanga wa mdomo wa mto, na mwisho tope la ziwa. Sasa fikiria Nyando ukiendelea kumwaga mashapo na kuusukuma ufuo mbele kwa miaka elfu kadhaa. Mahali palipokuwa katikati ya ghuba patapokea kwanza tope la ziwa. Delta, yaani ardhi inayojengwa na mashapo mdomoni mwa mto, ikikaribia, patapokea mchanga laini, halafu mchanga mzito wa mdomo wa mto, halafu mafunjo, na hatimaye tope la uwanda lenye mizizi. Majirani waliokuwa wamepangana kwenye ramani wamepandana. Mwanajiolojia akichimba shimo hapo ataona chembe zikikua kadiri anavyopanda kutoka kwenye tope la ziwa hadi mchanga wa mdomo wa mto.

Mkondo wa mto hufanya kinyume. Unapohamahama uwandani huacha kokoto chini, mchanga juu yake, na tope la mafuriko mwisho kabisa, baada ya mkondo wenyewe kuhamia kwingine. Hapo chembe zinapungua kadiri unavyopanda. Ni mchanga na tope vilevile katika visa vyote viwili, na mpangilio peke yake unageuza habari nzima: huku mto unaingia ziwani, kule mto unaondoka.

Sharti la Walther lile la "bila pengo" lisisahaulike. Mto hauweki tu, unafuta pia. Kitako cha mkondo kikilala moja kwa moja juu ya tope la ziwa, huenda kati yao kulikuwa na matabaka ya miaka laki kadhaa yaliyokokotwa na maji. Msomaji mzuri wa matabaka hutumia muda mwingi kwenye mipaka kuliko kwenye matabaka yenyewe, na mimi ningemwamini zaidi anayenionyesha mpaka uliochanika kuliko anayenipa masimulizi yasiyo na doa.

Ziwa likipanda, mfuatano hurudi nyuma. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda takriban mita mbili na nusu, na mwaka 2020 liliingia tena kwenye nyumba, mashamba na fukwe za wavuvi kuzunguka ghuba. Katika sehemu zilizofunikwa kwa muda mrefu vya kutosha, kutabaki utando wa tope la ziwa juu ya udongo wa shamba, na chini ya utando huo mizizi ya mahindi na, bila shaka, mifuko ya plastiki.

Mfano mkubwa kuliko wote wa jambo hili umelala chini ya ziwa lenyewe. Watafiti walituma mawimbi ya sauti kwenye sakafu ya Ziwa Viktoria na kukuta kwamba chini ya tope laini kuna uso mmoja mgumu unaoenea hata sehemu zenye kina kirefu kabisa. Wakashusha mabomba na kupandisha nguzo za mashapo. Juu palikuwa na tope laini lenye viumbe wa ziwa. Chini ya ule uso, ghafla, udongo mgumu uliokuwa umepoteza maji yake, wenye alama za mizizi. Ukizikumbuka zile alama za uwanda wa Kano huhitaji kuambiwa maana yake: katikati ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika paliwahi kuota majani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na hesabu za umri zinaonyesha kwamba ukavu huo ulikuwa kabla ya takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha maji yakarudi.

Wanabiolojia hawakufurahi wote. Ziwa hili lina mamia ya spishi za samaki wadogo ambao Waluo huwaita fulu, na wengi wa samaki hao hawapatikani kwingine duniani. Kama ziwa lilikauka, ama spishi hizo zilizaliwa kwa kasi ya kushangaza tangu lijae, ama mababu zao walijificha katika mito na maziwa madogo ya jirani. Ubishi huo umeendelea kwa miaka mingi, na chanzo chake ni mpaka mmoja ndani ya bomba la mashapo.

Nakuru inatufundisha kitu ambacho chembe na viwimbi haviwezi kukisema, yaani ladha ya maji. Ukipita Kariandusi, karibu na Elmenteita, utaona kuta nyeupe za daiatomaiti, inayochimbwa kwa ajili ya vichujio na bidhaa nyingine za viwandani. Mwamba huo ni mwepesi mno kwa sababu karibu wote ni maganda ya daiatomu, mimea midogo ya majini isiyoonekana bila hadubini, inayojijengea ganda la silika. Kila aina ya daiatomu ina maji yake: nyingine huishi katika maji matamu yenye kina, nyingine hupenda magadi. Kuwahesabu chini ya hadubini ni kazi ya kuchosha macho, lakini huonja ziwa ambalo halipo tena. Elmenteita ya leo ni ya magadi, na kina chake ni kifupi. Daiatomaiti ya Kariandusi inasimulia ziwa la aina nyingine kabisa, kubwa na la maji matamu, na katika matabaka ya eneo hilohilo Louis Leakey alikuta shoka za mkono za mawe kuanzia mwaka 1928.

Baada ya hapo maziwa ya bonde lile yamepanda na kushuka mara nyingi. Kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja, na alama za fukwe zake zimebaki kwenye miteremko, mita zipatazo 180 juu ya usawa wa sasa. Wakazi wa Nakuru walioona lango kuu la zamani la hifadhi likizama miaka ya karibuni wanajua kwamba ziwa hilo bado halijatulia.

Vitu vilivyomo ndani ya tabaka vinahitaji tahadhari ya namna nyingine. Mfupa unaweza kusafiri: mto huubeba na kuutupa mbali na mahali mnyama alipokufa, na jani hupeperushwa. Mizizi haisafiri. Ndiyo maana kazi iliyofanywa katika kisiwa cha Rusinga ina uzito. Mary Leakey alipata huko mwaka 1948 fuvu maarufu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul, ambaye sasa huitwa Ekembo, na kwa muda mrefu watu walibishana aliishi katika mazingira gani. Mwaka 2014 watafiti walieleza tabaka moja lenye mabaki ya visiki na mizizi ikiwa bado mahali ilipoota, pamoja na visukuku vya sokwe huyo: msitu mnene ambao matawi yake yaligusana, miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Volkano ya Kisingiri iliyokuwa jirani ndiyo iliyotusaidia, kwani majivu yake yenye chokaa nyingi yalifunika na kuhifadhi hata matunda na wadudu, na madini yaliyomo katika majivu hayo ndiyo yanayopimwa ili kupata umri.

Fort Ternan, upande wa Kericho kwenye miteremko ya Tinderet, ndipo ninapopenda kuwapeleka wanaodhani mambo haya yamekwisha kuamuliwa. Visukuku vyake vina miaka ipatayo milioni 14, akiwemo Kenyapithecus, sokwe mwingine wa kale, aliyepatikana mwaka 1961. Mwaka 1990 Gregory Retallack na wenzake walichapisha maelezo ya udongo wa kale na nyasi zilizogeuka mawe, wakasema hapo palikuwa mbuga ya nyasi yenye miti hapa na pale. Mwaka uliofuata Thure Cerling na wenzake walipima kaboni katika udongo uleule na kusema hakuna dalili ya mbuga za nyasi kama tunazozijua, na kwamba mwitu unafaa zaidi.

Nani anasema kweli? Ili kuelewa ugumu wake, shuka kutoka Fort Ternan hadi Muhoroni, kisha Ahero. Muwa na mpunga vyote ni jamii ya nyasi. Lakini muwa, pamoja na mahindi, mtama na nyasi nyingi za mbuga zenye joto, huchukua kaboni kwa njia moja, na mpunga huichukua kwa njia nyingine, ileile ya miti ya maembe na mikuyu. Mimea ya kundi la muwa hubaki na sehemu kubwa kidogo zaidi ya kaboni nzito, na alama hiyo huingia kwenye chokaa ya udongo na kwenye meno ya wanyama walao mimea hiyo. Kipimo cha kaboni, basi, kinatenganisha muwa na mwembe vizuri sana. Mpunga na mwembe hakiwezi kuvitenganisha. Kama nyasi za Fort Ternan zilikuwa za kundi la mpunga, pande zote mbili zingeweza kuwa zimepima sawasawa na bado zikakosana kuhusu mahali. Mimi naona ushahidi wa miti una nguvu zaidi, hasa ukiongeza wanyama waliopatikana hapo, lakini nyasi zile zipo na haziwezi kufagiwa. Linganisha na Kanjera Kusini, katika rasi ya Homa, penye zana za mawe za miaka ipatayo milioni mbili: huko kaboni ya udongo na ya meno zinaelekea upande wa muwa, na hapana shaka kubwa kwamba nyasi za mbuga zilitawala.

Jirani kabisa na Kanjera ni Kanam, ambako kazi ya aina hii ilishindwa vibaya. Mwaka 1932 kikosi cha Louis Leakey kilipata kipande cha taya la binadamu, naye akatangaza kwamba lilitoka katika matabaka ya zamani sana. Mwaka 1935 mwanajiolojia P.G.H. Boswell alisafiri kutoka Uingereza kuja kuyaona matabaka hayo kwa macho yake. Pini za chuma zilizokuwa zimepigwa ardhini kama alama hazikuonekana, na picha iliyokuwa imetolewa kama ya mahali pa ugunduzi ilikuwa ya kwingine. Boswell aliandika katika jarida la Nature kwamba mahali penyewe hapakuweza kuthibitishwa. Taya lipo hadi leo, lakini tabaka lake halijulikani, na bila tabaka hakuna wa kukuambia mwenye taya alikanyaga ufuo, uwanda au kinamasi, wala zamani gani.

Siku hizi kila kipande hupimiwa mahali pake kwa satelaiti kabla hakijaguswa, na mchanga ulioshikamana nacho huwekwa pamoja nacho. Kwa mkazi wa Homa Bay au Kisumu anayekuta mfupa uliogeuka jiwe, utaratibu ni mfupi: piga picha ukutani ulipo, weka kalamu au sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, usiung'oe, na utoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kama inavyotaka sheria ya mwaka 2006. Kwa wa Nyanza, jumba la makumbusho la Kisumu ndilo lililo karibu.